Picha Nne za Pasipoti

Karani wa bima kaitazama kadi, kanitazama,
kaitazama tena kadi.
"Hii siyo wewe," kasema, bila ubaya,
kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu imefunguka.
"Lete picha mpya. Nyuma bluu. Nne."

Mimi huyo, mwenye studio,
niliyepiga nusu ya sura za Pasua na Majengo,
tangu Machi sijasimama mbele ya kamera yangu.

Machi ndipo walipokata:
ubavu wa kushoto wa pua na kipande cha shavu,
upana wa kisoda.
Wakaziba kwa ngozi ya paja.
Paja langu, lililokaa miaka arobaini na moja ndani ya suruali
bila kusalimiana na mtu,
leo ndilo linatangulia kuingia ofisini.
Na halijasahau kwao. Linaota nywele.

Mama alinizaa kule Mwika, mtoto wa tano,
mweupe peke yangu,
akanilea chini ya migomba; kivuli ndicho kilikuwa kihamba chetu.
Mwanga nikaufuata mjini mwenyewe,
nikaufanya kazi, nikaulisha karatasi,
nikala kwa mgongo wake.
Nao ukanila, polepole,
ukaanzia pale ambapo kofia ya bei rahisi haifiki.

Wateja husema, "Nisafishe, kaka Elirehema."
Nami nasafisha, macho yangu haya mabovu,
pua karibu iguse kioo cha kompyuta:
chunusi za bwana harusi wa Uru,
kovu la uji wa moto la binti wa kipaimara,
weusi chini ya macho ya mwalimu wa Njoro.
Mia tano zaidi. Siku nyingine bure.
Sijawahi kujiuliza vinakwenda wapi.

Wiki iliyopita mtoto wa Manka, miaka minne,
aliletwa kupigwa picha ya chekechea.
Badala ya lenzi akanitazama mimi.
"Pua yako iko wapi?"
Mama yake akatamani ardhi ipasuke.
"Imebaki hospitali."
"Utaifuata lini?"
Nikabonyeza.
Mwaka huu wote, ni yeye tu hakufumba macho.

Ile "lini" nikalala nayo.
Anansia, miaka yote, alilala kushoto kwangu.
Tuliporudi kutoka wodini akahamia kulia,
nami nikanyamaza, nikajua ninachojua,
nikageukia ukutani miezi mitano.
Usiku ule nikauliza.
"Kiwiko changu," akasema, nusu usingizini.
"Nilipiga hesabu, nikaona nitakugonga."
Akavuta shuka. Akakoroma.
Miezi mitano, jamani.

Jumapili, studio imefungwa,
nikatundika kitambaa cha bluu, nikaitegea kamera sekunde kumi.
Sekunde kumi ni nyingi
kwa mtu asiyejua aupeleke wapi uso wake.
Ya kwanza nilitazama chini. Ya pili nilicheka, bima hawataki meno.
Ya tatu nikakaa tu.

Nikaifungua. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifutio,
kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.
Nikafuta unywele mmoja,
ule mrefu wa pajani.
Huo ni usafi, siyo uongo.
Halafu nikauweka mkono mfukoni.

Karani kachukua tatu. Fomu imebadilika, kasema.
Ya nne nimeibandika kwenye kioo cha mbele, chini kabisa,
pembeni ya bibi harusi,
mahali jua la saa nane halifiki;
picha nazo huungua.

Jana kijana mmoja alisimama pale, akainama,
akaitazama muda mrefu.
Nikasubiri.
"Nne bei gani?"
"Elfu tatu," nikasema.
"Kusafishwa, tutaongea."